Mshale Uliolala

Saa kumi na mbili na robo, Mwanza bado inapiga miayo,
naizunguka ndege kama nilivyofundishwa:
bawa, gurudumu, mkia, bawa.
Nakinga mafuta kwenye kichupa, nayainua kwenye nuru.
Buluu tupu, hayana chozi la maji.

Siku ya kwanza Kapteni Ndaturu aliniuliza,
"Kwandu, ndege hubebwa na nini?"
"Injini," nikajibu, naye akacheka
hadi fundi Magesa akachungulia kutoka chini ya tumbo la Sesna.
"Injini huvuta tu. Kinachobeba ni hewa,
na hewa haibebi bawa lililosimama."
Akanipakia garini, barabara ya Pasiansi, mkono dirishani:
kiganja bapa, kikaelea;
nikainua vidole kidogo, kikapanda;
nikainua mno,
kikaanguka kama kipande cha nyama.
"Hapo ndipo bawa linapokata tamaa," akasema.
"Usilaumu mwendo peke yake. Iulize pembe."

Mengine niliyaokota kidogo kidogo.
Kwamba ziwa linakudanganya uko pwani,
kumbe kipimo cha kimo, ungali ardhini,
kinasoma futi elfu tatu na mia saba na ushee;
na saa nane mchana, mawe ya Ilemela yakishachemka,
hewa huwa nyepesi kama chai ya msibani
na ndege hukimbia sana kabla ya kukubali.
Kwamba alfajiri upepo hushuka ziwani,
mchana hugeuza shati na kurudi nchi kavu,
basi tazama soksi ya upepo, usitazame ya jana.
Kwamba korongo wa Mwaloni, wakishashiba matumbo ya sangara,
hupanda bila kupiga bawa:
pale pana hewa ya moto.
Jifunze kwao, ila kwa mbali.

Leo mnara umeturuhusu.
Nasukuma mpini wa nguvu hadi mwisho,
naita kwa sauti, ndiyo desturi:
"Nguvu ipo. Oili ipo. Mwendo..."

Mwendo haupo.
Mshale umelala kwenye sifuri kama mlinzi wa benki.
Lami inakimbia, nyasi zinakimbia,
mgongo wangu unasema noti arobaini,
kioo kinasema tumeegesha.
Mmoja wao mwongo. Sikusubiri kumjua.
Nikarudisha mpini, nikakanyaga breki,
"Mnara wa Mwanza, tunasitisha,"
sauti yangu nyembamba, ya mtoto aliyevunja sahani.

Chini ya bawa la kushoto kuna mrija, mnene kama kidole,
unaokunywa upepo na kuutafsiri kuwa mwendo.
Mdomoni mwake, bonge jeusi.
Wadudu wa ziwani.
Jana mwezi uliandama, wakainuka majini kama moshi,
wakafuata taa zetu, wakatafuta pa kulala.

Na kifuniko chekundu cha mrija?
Kilikuwa ndani ya kitabu changu,
alama ya ukurasa,
sura ya vyombo vya kupimia.
Alfajiri nilipita hapo hapo. Nilitazama. Sikuona.

Nikainama nipulize. Magesa akanidaka bega:
"Ukipuliza unaua na kipimo."
Akaufungua mrija kwa bisibisi, taratibu,
akawakung'utia kiganjani mwangu.
Mmoja alikuwa bado anatikisa mguu.

Kapteni akanipa kalamu. "Andika."
Kutoka: Mwanza. Kwenda: Mwanza.
Saa hewani: sifuri.
Kwenye safu ya sababu nikaandika *wadudu*.
Akakata.
Nikaandika *kifuniko*.
Akakata.
Nikaandika jina langu, naye akatia sahihi,
akaenda kutafuta chai.

Nimekaa juu ya gurudumu la akiba,
kifuniko mkononi, kitabu hakijui tena nilipofikia.
Kule Kirumba korongo wa kwanza amekwisha kupaa,
anazunguka, anazunguka,
hajamwomba mtu ruhusa.