Harufu Ambayo Ndege Hawaitaki

Jina lake refu, la maabara:
methili anthranileti.
Mimi naiita Zabibu, basi,
maana wateja wangu wa Makole
hawanunui kitu kinachouma ulimi.

Ilikuja na basi la usiku kutoka Dar,
chupa ya gramu mia, imevishwa soksi.
Ukiinyanyua kwenye jua la saa nne
pembeni inawaka buluu,
buluu hafifu, kama jiko la gesi linalotaka kuzima.

Juni, upepo ukipiga mabati usiku kucha,
asubuhi naikuta imeganda:
sindano nyeupe zimesimama ndani ya kioo.
Naibana kwapani kama mtoto njiti,
napekua daftari la madeni,
nikija kushtuka imeyeyuka
na duka zima linanukia pipi.

Kwa harusi ya mdogo wangu Sechelela
nilichanganya kali, sikubania,
nikampelekea mama Mpunguzi.
Akanusa. Akanusa tena,
akakunja uso kama aliyeonja chai yenye chumvi.
"Zabibu gani hii?
Miaka ishirini na mitatu napogoa,
sijakutana nayo."

Kweli. Zabibu yetu hainukii hivi.
Inanukia salfa ya kuzuia ukungu,
jasho la punda wa maji,
vumbi jekundu lililoguswa na umande,
na ukiipasua kwa jino ni maji tu,
halafu kitu kama jiwe.
Yangu ilikuwa zabibu ya nchi ya baridi,
ya watu nisiowajua,
nami nawauzia watu wa mashamba ya zabibu
kama kumbukumbu yao.

Harusini hakuipaka.
Ilikaa dirishani, karibu na betri ya sola,
mpaka Julai, kuzumburu waliposhuka
na mikia yao ya vijiti,
wakitoboa punje moja kila shada
kama wakaguzi.
Mama hakuwa na sayansi siku ile. Alikuwa na hasira.
Alichana kitenge kikuukuu,
akalowesha vipande,
akafunga kila nguzo.

Jioni akapiga simu, hana hata salamu:
"Ile pafyumu yako. Ndege wako juu ya waya,
wanatazama tu. Mmoja alijaribu,
akatikisa kichwa, akaondoka.
Lete nyingine. Lete kubwa."

Nilicheka mpaka mteja akaaga.
Kisha nikapiga hesabu:
chupa, elfu tisini;
zabibu, kilo elfu na mia mbili, mnunuzi akiamka vizuri.
Hesabu ikakataa.
Nitaipeleka hivyo hivyo.

Kabla ya kufunga duka
nilijipaka tone nyuma ya sikio:
Lusito aliahidi kupita saa mbili.
Saa tatu.
Saa nne na robo.
Nje upepo wa Makole. Mezani chupa,
sindano ya kwanza imeanza kuota.