Ajenda ya Nne

Mwanzo wa muhtasari huwa mwepesi:
tarehe, waliohudhuria, waliotoa udhuru.
Ajenda ya kwanza, pampu ya Kayenze.
Ya pili, mafuta ya boti.
Ya tatu, choo cha shule Ukerewe, mlango umeng'oka.
Ya nne iliandikwa "mengineyo,"
na hapo ndipo Masalu Lugembe alipoomba kusema.

Alisimama. Kwetu mikutanoni hatusimami.
Akasema: Nina miaka kumi na tisa hapa.
Nimechimba visima kutoka Magu mpaka Sengerema,
nikikanyaga tu najua mwamba umelalia wapi.
Kila baada ya muda mnaniletea kijana.
Nampokea uwanja wa ndege,
namfundisha kula sato kwa mkono,
namfundisha udongo,
kisha naambiwa, Masalu, msalimie bosi wako mpya.
Nimeshafundisha mabosi saba.
Nauliza: mwalimu huyu atafaulu lini?

Feni ilizunguka.
Nje, korongo wawili juu ya tangi la maji
wamekunja mabega kama mawakili wa serikali.

Mkurugenzi akajibu kwa upole
(upole anao, nisimsingizie)
kwamba ngazi za mishahara ni mbili
kwa sababu ya soko.

"Soko gani?"
Aliyeuliza ni Mbuke wa usafi, ambaye si mjumbe.
Alikuwa ameleta chai:
vikombe vya kauri upande ule wa meza,
vya plastiki upande huu.
Sheria hiyo hakuna aliyewahi kuitunga.
Mimi mwenyewe nimenywea plastiki miaka minne
nikijiambia, kauri zinavunjika.

Soko tunalijua. Mnofu wa sangara
unapanda ndege umevikwa barafu,
panki linashuka Mabatini kwa baiskeli,
tunalikaanga, tunalinyonya jicho,
na tunashukuru, maana mchuzi upo.

Kisha Dilshad Walji wa uhasibu akafungua faili la kijani.
Kazaliwa Sekou Toure, wodi ile ile niliyozaliwa mimi.
Babu yake aliuza nyuzi na vifungo Mtaa wa Rwagasore.
Kisukuma chake kinanishinda,
na bado kila mgeni humuuliza: kwenu hasa ni wapi?
Akasoma safu za mishahara.
Hazikuwa mbili, zilikuwa tatu.
Ya juu. Ya chini.
Na ya katikati, yenye jina moja tu.
"Ni langu," akasema. "Miaka sita
nimeijumlisha kila mwisho wa mwezi
na kalamu haikutetemeka."

Masalu hakumjibu.
Alisogeza kiti chake kidogo,
sijui kumpa nafasi, sijui kumkwepa.
Hilo sikuliandika.

Ijumaa rasimu ikanirudia na wino mwekundu:
Nyanzobe, kazi nzuri. Ila ukurasa wa tatu,
badala ya "ubaguzi" weka "changamoto."

Nikatoka, nikateremka hadi Kapripoint.
Magugu maji yalikuwa yameziba ufuko,
kijani kibichi, na maua ya zambarau juu yake.
Mgeni angepiga picha.
Mwenye mtumbwi angetema mate,
kwa sababu chini ya bustani ile samaki hawapati pumzi.

Ubaguzi, herufi saba.
Changamoto, kumi.
Nikarudi mezani.
Sikuona haja ya kurefusha.

Jumatatu tukakaa tena.
Ajenda ya kwanza, yatokanayo.
Mishahara bado: barua imetumwa makao makuu,
makao makuu wako likizo.
Dilshad amekaa upande huu wa meza,
hatujazoea, magoti yanagongana.

Mbuke akaleta chai.
Plastiki, meza nzima, mpaka kwa mkurugenzi,
ambaye alikishika chake kwa ncha za vidole
kwa vile kinaunguza. Ndiyo, kinaunguza.
Nikamfuata Mbuke jikoni kumuuliza za kauri ziko wapi.

"Nimezifungia," akasema, ufunguo kwenye pindo la kanga.
"Zitatoka siku zitakapotosha."