Kofia Yenye Taa

Siku tatu kabla, nilikulaza jikoni
kwenye kiti nilichokiegemeza mezani,
nikavaa kofia yangu ya mgodini, nikawasha taa.
"Achama," nikasema. Ukaachama.
Mlikuwa na uji wa shayiri humo ndani
na meno yamepangana kama vikombe kabatini.
Tukahesabu: kumi na manne, kumi na matano,
ukafunga kinywa umeze mate,
tukaanza upya.

Mama yako alikuwa amenionya mlangoni
akivaa buti za zamu ya usiku:
usimwambie haitauma.
Mtoto hasikii ile "haita",
husikia "uma".

Basi neno hilo nikalifungia.
Nikasema Daktari Maaret ana kioo kidogo chenye mkono mrefu,
ana kiti kinachopanda na kushuka,
atahesabu kama mimi, ila yeye hapotei njiani.

Ukaniuliza, "Atachimba?"

Aune, hapo nilikwama.
Miaka kumi na sita nachimba chuma chini ya mji huu.
Tumeula mlima kwa ndani
mpaka barabara zimefanya nyufa,
na ufa wetu hauzibiki, tunahamisha kuta.
Uliiona dirishani nyumba ya njano ya bibi yako
ikipita juu ya lori kama trei ya mikate,
mapazia yangali yananing'inia.
Kwako wewe, kuchimba ndiko huko.

"Siku hiyo hachimbi," nikasema.
Ukanitazama kama mtu anayesoma mkataba.
"Na siku nyingine?"
"Siku nyingine tutaulizana siku hiyo."
Ukaenda kumpiga mswaki Pompo,
paa wako wa sufu,
ambaye hajawahi kuwa na hata jino moja.

Jumanne, saa mbili asubuhi, giza totoro.
Wiki nzima jua halijachomoza.
Nilikuvalisha ovaroli ya theluji, ukatembea kama pipa
hadi kliniki mpya katika mji mpya,
inayonukia mnanaa na rangi ya ukutani.
Mvulana mmoja akatoka na kibandiko shavuni.
Ulimwangalia kwa muda mrefu,
ukitafuta walipomchimba.

Daktari aliinama, akamsalimia Pompo kwanza.
Ukapanda kiti. Kikainuka, ukacheka.
Kikalala, na midomo yako ikajifunga
kama mlango wa lifti ya kuteremkia shimoni.

Nikasema achama.
Nikasema tulifanya mazoezi, Daktari, nyumbani anaachama vizuri sana.
Nikaahidi peremende, na haikuwa Jumamosi.
Daktari akanitazama mimi, siyo wewe,
akaizima taa.
"Leo Aune amepanda kiti," akasema. "Leo ni hilo tu."
Akampa Pompo mswaki wa zambarau.

Nilirudi nimenuna.
Nusu siku ya mshahara, kwa mswaki wa paa.
Wewe ulikuwa unamsimulia kila nguzo ya taa
jinsi kiti kinavyopanda.

Saa saba na nusu usiku baruti ikalia chini yetu
kama inavyolia kila usiku,
vikombe vikagongana kabatini.
Nikaja kukufunika.
"Baba, wanachimba."
"Wanachimba."
"Mimi hajanichimba."
"Hajakuchimba."
Ukanyamaza, ukifikiri au ukilala, sikujua.
Kisha, macho yamefumbwa,
bila kuombwa na mtu,
ukaachama gizani
ukangoja.

Kofia sikuwa nayo. Nikahesabu kwa kidole,
taratibu, kuanzia magego ya nyuma.
Nilipofika la kumi na saba
ukaniuma, ukacheka, ukageukia ukutani.

Iliuma, kidogo.
Sikukwambia.