Maji Matupu

Miaka tisa nilifua shuka za hoteli kule Shela, kwa jiki,
mpaka kifua kikaweka kinyongo na kila harufu.

Batuli akaniletea habasoda na asali,
jirani mwarobaini, mchungu kama deni;
shemeji, vidonge vya kopo
vya kusafisha damu, eti. Bei yake, mbuzi.
Nilimeza vyote. Mapenzi hayabishiwi.

Jana, Langoni, biharusi wetu alifukizwa udi.
Nikakaa nje barazani, mtandio puani,
kama mtu asiyealikwa.

Akatoka mwenyewe, hina haijakauka,
kajitanda leso yangu kuukuu,
kaomba asuuzwe nywele upya
kwa maji matupu.
“Shangazi, nisogee?”

Nikavuta pumzi.

Sikukohoa.