Tundu la Milimita Nane

Nimepewa drili, glavu na kitabu cha kusaini.
Kazi yangu, hapa uwanjani Kizota, ni kuua friji.

Ndivyo mpango ulivyo: ulete nzee yako,
iandikwe, itobolewe
mbele ya macho yako na ya karani,
kisha serikali ikulipie theluthi ya bei ya mpya,
ile yenye nyota nne mlangoni,
inayokula umeme kama mgeni mwenye haya.

Kwanza navuta gesi, naifungia mtungini.
Halafu kompresa: tundu moja, milimita nane.
Mafuta hutoka meusi, taratibu,
nami natia sahihi.

Miaka ishirini na mitatu nilikuwa naziponya.
Ulizia Majengo: Ndahani wa friji.
Hata leo nazitambua kwa harufu:
hii ya muuza maini,
hii ya duka la dawa,
hii, tangu mwaka wa mgao, ilikuwa kabati la madaftari.

Jumanne, upepo ukisomba vumbi kutoka upande wa reli,
akaja Foibe Chiduo wa Mailimbili,
friji yake juu ya guta,
imefungwa kwa katani na kanga mbili
kama mgonjwa wa kukimbizwa hospitali ya mkoa.

Elinipa, karani, akachungulia karatasi.
"Mita ya LUKU ina jina la Yeremia."
"Mume wangu."
"Aje asaini."
"Mwite wewe. Mimi namwita tangu mwaka wa mafuriko."

Siku tisa.
Akarudi na kiapo cha mahakama ya mwanzo,
mhuri bado unanuka wino.

Nikaigeuza friji nitoboe.
Nyuma, juu ya bati, kwa kalamu ya rangi:
Gesi, Machi 2008. N.
Thamostati, 2011. N.
Gesi tena. Gesi tena.
Kompresa ya mtumba, 2016. N.

N ni mimi.

Drili ikazunguka hewani bure, nikipiga hesabu.
Kompresa ile niliyomfungia kwa bei ya kindugu
ilikuwa inameza uniti nne kwa siku,
na huyu mama anauza barafu za ubuyu,
kifuko shilingi mia.
Vifuko kumi na vinne, kila siku,
kabla hajanunua sukari.
Watoto wa shule wamenyonya ubuyu, ndimi zikiwa nyekundu,
ili mota niliyoifufua ipate kunguruma usiku kucha.

Na alinilipa kidogo kidogo,
mara nyingine kwa ilende kavu ndani ya gazeti,
akisema Mungu akuzidishie fundi.
Nikaitikia amina.

"Toboa basi," akasema. "Au inakuuma wewe?"

Nikatoboa.

Wiki mbili baadaye, saa saba usiku, simu.
"Fundi, ile ya serikali imekufa."
"Imefanyaje?"
"Haisemi."

Nikaenda. Sebule yake ilikuwa kimya
hata tukamsikia panya darini,
na saa ya ukutani, ambayo, aliapa,
hakuwahi kujua kama ina mlio.
Nikafungua mlango: taa, baridi,
ubuyu umeganda kama kokoto za Mlimwa.
"Nzima, mama."
"Mbona kimya, sasa?"

Sikuwa na jibu la kifundi.
Akavuta kigoda, nami nikaketi juu ya kreti la soda,
tukaisikiliza isivyosema.

"Yeremia naye alikuwa anakoroma," akasema.
"Nilidhani siku nikipata utulivu, nitalala."

Wakati wa kuondoka nilipita nyuma yake, kwa mazoea,
kalamu ya rangi mkononi.
Bati lilikuwa jeupe, tupu.
Nikaifunika kalamu,
nikamuaga.