Jina la Nguruwe

Kwetu Konektikati, nguruwe mkaidi
huitwa Thakrei.
Nilifunzwa na bibi, naye na bibi yake:
msaliti, mla kodi, aliyesema hapana
siku mji mzima ulipotaka vita.
Wakachoma sanamu yake ya nyasi kavu.

Leo, katika ghala la mahakama, nafungua daftari lake.
Wino umegeuka kutu.
"Kuni, mikokoteni miwili, kwa mjane Hepziba."
"Viatu, jozi tisa, yatima wa vita."
Na hapa, bila haya:
"Ushuru wa kivuko. Nusu nimejibakizia."

Basi hakuwa malaika.
Mkono mmoja ukidokoa,
mwingine ukifunga kamba za viatu vidogo.

Jioni nguruwe wangu kavunja tena uzio.
Nikafunua kinywa kumwita,
jina likanikwama.