Kibali cha Kuvua

Nimelipa ili nivue.
Mama akisikia atacheka mpaka aketi.

Langoni, juu ya Endebess, mtandao uligoma.
Wepukhulu akapanda jiwe, simu kaiinua
kama mtu anayetafuta msumari wa kutundikia taa,
hadi ujumbe ukaingia: watu wazima wawili, mtoto mmoja,
hema moja, ndoana moja.
Ndoana moja!
Mimi wa Dunga, niliyelelewa
magamba yakiwa yamenata ukutani kama rangi,
naandikiwa risiti ya ndoana moja.

Hema ni la maskauti wa shule, zipu ilishakufa.
Mlango tumeufunga kwa leso yangu na vibanio vya nguo,
na leso yenyewe ina maneno ya kumsuta jirani,
basi usiku kucha Elgon umesomeshwa
ugomvi usiouhusu.

Baridi ya huku haibishi hodi.
Inaanzia kwenye soksi, inapanda magotini,
ikifika kiunoni inajitandikia.
"Mama," Nasambu aliniuliza, meno yakigongana,
"nani kaacha friji wazi?"

Kulipokucha, ziwa lilikuwa dogo kuliko bei yake,
jeusi, limetulia kwenye kiganja cha mlima,
ukungu umelitanda juu kama utando wa uji.
Ng'ambo mbega wawili wameketi, mikia inaning'inia,
wazee wa baraza wasio na kesi.
Hakuna anayepaza bei.
Hakuna kunguru anayengoja matumbo.
Sikujua nikifanyie nini kimya kile.
Nikaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Kwetu ziwa ni jiko. Nani hukaa kulitazama jiko?
Mama huangalia beseni, huangalia mizani,
huangalia mkono wa mwenye mizani.

Baba alikuwa na wavu wa macho madogo.
Waliuchukua, wakaumwagia petroli palepale ufukweni,
yeye amesimama, kofia kaishika kifuani.
Mwezi ule tulikula ugali kwa chumvi,
na harufu ya nailoni haikututoka puani
hata shule zilipofunguliwa.

Kwa hiyo Nasambu alipopiga ukelele, fimbo imepinda,
na trauti akaja juu akijikunjakunja,
madoa mwili mzima kama aliyerushiwa wino,
mkono wangu ulimdaka kabla sijaamua.
Ndiwa, askari wa ziwa, akaleta ubao wake wenye mistari.
Akamlaza. Akainama. Akafunga jicho moja.
"Sentimita mbili zimepungua. Arudi."

Arudi.
Neno jepesi, ila vidole vyangu havikulielewa.
Vilibana.
Ndiwa hakukunja uso, hakutaja faini.
"Lowesha mkono kwanza, mama," alisema,
"mkono mkavu unamchubua."

Nikatia mikono yote miwili majini
hadi mifupa ikalalamika.
Trauti akakaa kiganjani, akifungua mashavu, akifunga,
mzito kama barua ambayo hujaifungua.
Kisha kiganja kikawa kiganja tu.

Mchana tukala omena za Mama,
alizozikaanga Kisumu, akazifunga kwenye gazeti.
Hakuna hata mmoja aliyefikia urefu wa kidole.
Wepukhulu akamkaribisha Ndiwa. Ndiwa akala,
akalamba chumvi kwenye gumba,
na ubao wake ukabaki umeegemea mti.

Jumapili, tukitoka, nikapanda lile jiwe la langoni.
"Mmepata ngapi?" Mama akauliza,
nyuma yake mafuta yakichachatika.
"Mmoja."
Nikangoja kicheko. Hakikuja.
"Mkubwa?"

Nikamtazama Nasambu kule chini,
vibanio vya nguo vimejipanga kwenye pindo la sweta lake.
Alipanua mikono.
Akafikiri.
Akaipanua tena.